Mifupa ya Dulu Purty

Raimuni Purty ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, hapa Kambi Namba Nne, na kwa miaka ishirini na sita sikupata kumsikia akimpandishia mtu sauti. Mbuzi aliwafokea, hilo nakubali, na kuna mkandarasi mmoja Raimuni aliwahi kumtemea mate karibu na viatu, lakini alitema kimyakimya. Ndiyo maana siku alipopiga kelele ndani ya kiwanda, mbele ya wakubwa na wake zao, watu wa mjini walisema uchungu umemrukisha akili. Si kweli. Nilikuwa pembeni yake, nimeshika ncha ya sari yake. Akili zake zilikuwa timamu. Alikuwa amekasirika tu, na aliyekuwa na haki ya kukasirika ni yeye.

Raimuni alitoka milimani, upande wa Khunti, akaolewa Kudadih akiwa na miaka kumi na saba. Alipoolewa Kudadih, kijiji cha Kudadih hakikuwepo. Kilikuwa kimeshafagiliwa, kimejengwa kiwanda cha chuma juu yake. Mumewe, Dulu, alitolewa pale akiwa mtoto wa mgongoni, siku malori yalipokuja kubeba watu na vyungu vyao na kuwamwaga huku kambini, mahali palipokuwa na miiba mitupu. Wazee wa hapa wakisimama mlangoni bado wanakuonyesha kwa kidole, ng'ambo ya ukuta: pale penye tanuri la pili ndipo lilipokuwa zizi la baba yake Dulu, pale panapotoka moshi wa manjano palikuwa na mzambarau wa kuchezea ngoma.

Kila nyumba iliyohamishwa iliahidiwa kazi moja. Kwa akina Purty ile kazi ilikwenda kwa Mangra, kaka mkubwa. Akapata kota yenye bomba na mlango wa kijani. Dulu akabaki kibarua katika yadi ya skrepa, miaka thelathini na moja, anaachishwa na mkandarasi huyu na kuokotwa na yule. Raimuni naye alibeba matofali ya tanuri kichwani miaka kumi, hadi leo utosini ana sehemu nywele hazioti. Akijifunga ushungi haionekani. Lakini mimi humsuka, naiona.

Sasa nieleze habari ya jiwe, maana bila hilo hutaelewa alichokuwa akikitafuta.

Sisi Wamunda, mtu akishakufa na kuchomwa, mifupa yake hukusanywa katika chungu ikangoja. Bado hajafika. Anafika siku mifupa inapowekwa chini ya jiwe la ukoo, pamoja na baba zake na mama zake. Mimi ni Mlutheri, sisi tunazikwa na msalaba, lakini bibi yangu yuko chini ya jiwe, na siamini kwamba Mungu anamwonea haya. Jiwe lenyewe ni bamba pana kama kitanda cha watu wawili. Halina maandishi. Linasema tu kwamba ukoo huu ndio uliofyeka msitu huu, na ndio wenyewe. Hatujawahi kuwa na hati nyingine.

Jiwe la akina Purty wa Kudadih lilibaki ndani ya ukuta wa kiwanda, katika yadi ileile alimofanya kazi Dulu. Mara ya mwisho ukoo kuruhusiwa kulifikia ni miaka kumi na tisa iliyopita, walipomweka mama yake Dulu, enzi za ofisa mmoja mzee aliyekuwa akiogopa wafu. Ofisa yule alistaafu, ruhusa ikastaafu naye. Tangu hapo, katika ukoo, aliyekuwa akiliona ni Dulu peke yake.

"Jiwe likoje?" Raimuni alikuwa akimuuliza.

"Lipo. Linatunzwa."

"Linatunzwa na nani?"

"Na watu," anasema Dulu, kisha anacheka, anaomba chai.

Dulu alikufa mwezi wa tatu, kifua. Alikohoa vumbi jeusi mpaka mwisho. Tukamchoma kijitoni, Raimuni akaokota mifupa, akaiosha kwa manjano, akaitia katika chungu kipya na kukitundika kwenye boriti ya jikoni kwake. Kila alfajiri king'ora cha kiwanda kikilia namsikia ukutani akikiambia chungu, "Lala wewe. Leo si zamu yako."

Barua ya kuomba kibali niliiandika mimi, kwa sababu nilifika darasa la tano na mwandiko wangu unasomeka. Barua ya kwanza tuliambiwa tungoje uchaguzi upite. Ya pili ilipotea. Ya tatu tuliitwa kwa mkuu wa usalama mwenyewe, Bwana Rathore, mtu wa mbali, mwenye masharubu yaliyonyooshwa na feni mbili mezani.

"Mama," akasema, "ndani ya kiwanda hakuna kaburi."

"Lipo, bwana mkubwa. Nyuma ya yadi ya skrepa."

"Ramani hii hapa. Nionyeshe kaburi."

"Mimi sijui kusoma ramani, na wewe hujui kusoma jiwe. Twende wote tukaangalie."

Alicheka, tena kicheko kizuri tu. Akatuagizia maji. Kisha akatufafanulia polepole, kama mtu anayewahurumia watoto. Akitoa kibali cha kuzika, atakuwa ameandika kwamba pana kaburi. Akiandika pana kaburi, atakuwa ameandika kwamba palikuwa na watu wenye mahali pao. Na kuna kesi mahakamani ambayo kiwanda kimeapa kwamba hapakuwa na kitu, ila nyasi na vibanda vya kupita.

"Sasa mimi niandike nini, mama? Nipoteze kazi? Mkazikeni pengine. Ardhi ni ardhi."

Raimuni akatoa kwenye kifundo cha sari kadi ya Dulu ya kuingilia getini, imechakaa, picha imefutika imebaki masikio. Akaiweka juu ya ramani.

"Alipokuwa hai, akichelewa dakika kumi kuingia mlimkata siku nzima. Leo anataka kuingia mwenyewe, hakuna aliyemwita, mnamfungia geti."

"Kadi hiyo muda wake umekwisha," akasema Bwana Rathore. Aliposema hivyo akayasikia maneno yake mwenyewe, aibu ikampita usoni, nami kwa muda mfupi nikadhani atalegea. Badala yake akasema, "Halafu hata ningetaka. Mwezi wa kumi yadi yote ile inamwagwa zege. Magari mapya yanakuja, ya tani arobaini."

Tukarudi, Raimuni mbele, mpaka daraja la reli. Hapo akasimama.

"Elisaba, zege likishamwagwa, mtu anaweza kulitoboa?"

"Kwa mashine, dada. Si kwa mkono."

"Basi Dulu ataingia kabla."

Kuna siku moja tu katika mwaka ambayo geti linafunguliwa kwa watu wa nyumbani: siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, tarehe kumi na saba ya mwezi wa tisa. Mashine zinaoshwa, zinavishwa maua, na wafanyakazi wanaingiza wake na watoto kuona baba anapokaa mchana kutwa. Vibarua hawana ruhusa hiyo. Waliosajiliwa wanayo, hata wastaafu. Kwa hiyo ikabidi twende kwa Mangra.

Mangra alitukaribisha barazani, mbele ya ule mlango wa kijani. Alivaa shati lililopigwa pasi, siku ya kawaida tu, maana ndivyo alivyo. Alipoelewa tulichokuja nacho akainuka kufunga dirisha.

"Shemeji, wewe unataka kunifukuzisha kwenye nyumba. Mifupa! Kwenye kapu! Siku ya sikukuu ya watu!"

"Ni ndugu yako."

"Najua ni ndugu yangu. Hata kuhani wa ukoo amekataa. Mifupa inawekwa baada ya mavuno, si mwezi huu."

"Mwambie kuhani akaliombe zege lingoje mavuno."

"Una kichwa kigumu, Raimuni."

"Nimebebea matofali. Kilipaswa kuwa hivyo." Akavuta pumzi. "Kazi ya nyumba yetu ulipewa wewe. Dulu hakukuuliza hata siku moja. Mimi nakuuliza leo. Hicho kibali chako kimeandikwa familia. Mdogo wako ni familia, au si familia?"

Mangra akaketi. Mkewe, aliyekuwa amesimama ndani akisikiliza, akasema kwa ukali, "Mpe, wewe mzee, mpe! Mimi usiku nitalalaje, na wewe unageukageuka kitandani?"

Ndivyo tulivyopata kibali. Watu wanne.

Asubuhi ya siku yenyewe tulimtembeza Dulu kwanza. Hiyo ni desturi, haiachwi hata kama una haraka. Marehemu anapitishwa kila nyumba na kila mahali alipopapenda, aage. Raimuni alimbeba kichwani ndani ya kapu, mifupa imefungwa kwa kitambaa cheupe kipya. Kila mlango wanawake walitoka, wakalia, wakatia mchele kidogo. Tukampeleka kwa kinyozi. Tukampeleka kiwanja cha mpira alikokuwa golikipa wa kudakia na ndala miguuni. Mwisho tukafika kwa Fulmani muuza pombe ya mchele, akamwaga kata moja chini, akajifuta macho.

"Huyu peke yake ndiye alikuwa anaisifu pombe yangu."

"Alikuwa anakudanganya," akasema Raimuni. "Nyumbani alikuwa anasema ina ladha ya soksi."

Tulicheka sote, huku tunalia. Halafu tukaondoka kwenda getini: yeye, mimi, Mangra na mkewe. Juu ya kile kitambaa tulikuwa tumetandaza maua ya rangi ya chungwa.

Walinzi wa kiwanda chetu wanapekua anayetoka, wakitafuta chuma cha wizi. Anayeingia hawamjali sana. Hata hivyo mmoja, kijana mnene aitwaye Pradip, alichungulia kapu.

"Sadaka?"

"Sadaka," nikamjibu mimi, Mungu anisamehe.

Ndani palikuwa na makelele kama harusi kumi. Spika zinapiga nyimbo, watoto wamepanda juu ya vichwa vya treni, kila mashine ina taji la maua na alama nyekundu usoni kama bibi harusi. Raimuni hakuangalia chochote. Alitembea mbele, shingo imenyooka chini ya kapu, akimfuata Mangra. Joto la tanuri lilitupiga ubavuni, likapita.

Tulipoingia yadi ya skrepa, Mangra akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Palipokuwa na jiwe palikuwa na hema, limejaa watu. Katikati ameketi mungu Vishwakarma, sanamu kubwa kuliko mtu, mikono minne, nyundo mkononi, tembo wake pembeni, na mbele yake kuhani wa Kihindu na moshi wa ubani. Mungu alikuwa amewekwa juu ya kitu kipana kilichofunikwa kitambaa chekundu.

"Lilikuwa hapa," Mangra akanong'ona. "Shemeji, wamelitoa."

Raimuni aliniachia kapu. Akapita katikati ya watu, akachutama, akainua ncha ya kile kitambaa. Akapapasa. Pembe moja ya jiwe la akina Purty ina pengo, palipomegeka siku lilipoburutwa kutoka mlimani zamani. Vidole vyake vikalipata. Jiwe lilikuwa limepakwa mafuta na unga mwekundu, tabaka juu ya tabaka, miaka na miaka.

Nilimwona anavyobadilika rangi.

Mwanamume mmoja mwenye mvi, ovaroli safi, akamjia amefungua mikono. Alikuwa Baleshwar, dereva wa kreni, mtu wa Bihar. "Wewe si mke wa Dulu? Nilikuona msibani! Karibu, shemeji, karibu. Unaona madhabahu yetu? Hakuna karakana yenye madhabahu kama hii. Na huyu mumeo ndiye alikuwa mtunzaji."

"Mtunzaji wa nini?"

"Wa jiwe! Sisi tulipohamishiwa hapa, miaka kumi na minane sasa, tulilikuta hivi hivi, limepakwa mafuta na manjano. Tukajua hapa wazee waliotutangulia walikuwa wanaabudu. Nikamuuliza Dulu, hili ni jiwe la mungu? Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Lioshe vizuri.' Basi. Tangu siku hiyo kila mwaka anaosha yeye kwanza, analia kidogo, sisi tunaweka mungu. Mara mbili buldoza lilikuja kulisukuma, dereva akashuka, akakataa. Nani atasukuma kiti cha Vishwakarma?"

Alisema haya kwa furaha, maskini. Raimuni alirudi kwenye kapu, akaliinamia.

"Mjinga wewe," akaliambia. "Miaka kumi na minane. Hata mimi hukuniambia."

Naelewa kwa nini Dulu alinyamaza. Kibarua akisema neno kaburi, kesho yake hana kazi, na jiwe lingeng'olewa kabla ya jioni. Akawaacha watu wakosee. Waliona mafuta na manjano wakadhani ni mungu wao, naye akaona kosa lao lina nguvu kuliko ukweli wake, akaliachia lilinde wazazi wake. Lakini kuelewa ni jambo moja. Mimi mwenyewe, mtu wa kusali, nilichemka. Watu wanaostahili kulazwa kwa jina lao, wamefichwa chini ya jina la mwingine kama bidhaa za magendo!

Raimuni akalichukua kapu, akaenda nalo mpaka mbele ya mungu, akafunua maua.

"Hili si madhabahu," akasema. "Hili ni kaburi la akina Purty wa Kudadih. Nimemleta mume wangu."

Nyimbo ziliendelea kupigwa. Kuhani akaruka nyuma, akishika vazi lake lisiguswe. Kijana mmoja mchomelea vyuma akapaza sauti, "Mifupa ya maiti! Mbele ya mungu, siku ya sikukuu! Mama, una akili wewe? Toa uchafu huo!"

Hapo ndipo Raimuni alipopiga kelele.

"Uchafu? Mungu wako amekaa juu ya kifua cha baba mkwe wangu! Miaka kumi na minane! Aliyekuja kulalamika ni mimi, si wewe!"

Mtu akazima spika. Kwa bahati, au kwa balaa, msafara wa wakubwa ulikuwa unaingia hemani: mke wa mkurugenzi na sahani yake ya nazi na vitamutamu, wake wengine nyuma yake, na Bwana Rathore akifungua njia. Alipotuona masharubu yalimcheza.

"Mama, sisi tulishaongea."

"Wewe uliongea."

"Usinilazimishe nimwite askari wa kike."

"Mwite." Raimuni akaketi juu ya jiwe, pembeni ya mguu wa mungu, kapu mapajani. "Lakini mwambie avue viatu. Humu chini kuna wakwe zangu." Akainua macho kwa wale wafanyakazi. "Nyinyi mmetoka makwenu. Bihar, Bengali, Andhra, kila mtu na kwao. Mkifa mnarudishwa na treni, mnachomwa mbele ya mto wenu. Dulu kwao ni hapa. Hapa! Chini ya takataka zenu za chuma. Mlichukua shamba, tukakaa kimya. Mlichukua mti wetu wa ngoma, tukakaa kimya. Mmechukua kifua chake, nimekiosha mwenyewe, kilikuwa kinatoa wino! Sasa anataka mahali pa kulaza mifupa, huyu bwana ananiambia ardhi ni ardhi. Kama ardhi ni ardhi, nyinyi kiwanda chenu mkakihamishie pengine!"

Mke wa mkurugenzi aliuliza kwa sauti ndogo, "Anasema nini?" na Bwana Rathore akamwambia, "Ni mjane, mama, amechanganyikiwa. Hapa hakuna kaburi. Ni madhabahu tu."

Baleshwar alikuwa amesimama kama mtu aliyepigwa kofi. Nadhani alikuwa anakumbuka yule Dulu aliyekuwa analia kidogo. Taratibu akasema, "Bwana mkubwa, umesema ni madhabahu?"

"Ndiyo, Baleshwar. Madhabahu."

"Basi mwezi wa kumi haimwagwi zege."

Bwana Rathore akatazama huku na huku. Wanaume wapatao mia mbili walikuwa wanamtazama, na mke wa mkurugenzi na nazi yake.

"Juu ya madhabahu? Hapana. Haitamwagwa."

"Mmesikia wote," akasema Baleshwar. Kisha akamgeukia yule kijana mchomelea vyuma. "Lete mitaimbo."

"Mzee, ni najisi!"

"Dulu alikuvuta mkono siku ile mnyororo ulipokatika, ndiyo maana bado una mkono huo unaonisontea. Lete mitaimbo."

Kijana akaileta. Kuhani wa Kihindu akaondoka hemani akiwa amenuna, akasimama nje. Wanaume wanne wakamshika mungu kiunoni na mabegani asianguke, wengine sita wakaingiza mitaimbo chini ya pembe yenye pengo. Desturi ya akina Purty ni kwamba mkono unaoingiza mifupa uwe wa mwanamume wa ukoo. Mangra alikuwa amejificha nyuma ya meza ya chai.

"Mangra!" Raimuni akaita, kwa jina tupu, jambo ambalo shemeji hafanyi. "Njoo utie mkono!"

Alikuja. Alipiga magoti kwenye grisi na suruali yake ya pasi. Jiwe likainuka kiasi cha kiganja, likatoa hewa baridi yenye harufu ya udongo, katikati ya joto lile la chuma. Raimuni akalala kifudifudi achungulie. "Naiona bangili ya mama," akasema. Kisha akaanza kumpa Mangra mfupa mmoja mmoja, na kila mmoja Mangra aliusukuma ndani mpaka begani, akilitaja jina: Dulu, mwana wa Sukra, wa Kudadih. Mwishowe alikuwa hawezi kutamka, analia tu, mkewe akamtajia.

Bwana Rathore wakati wote huo alikuwa ametupa mgongo, anamwonyesha mke wa mkurugenzi maua yaliyofungwa kwenye kreni. Hakuona kitu. Analipwa asione.

Jiwe likashushwa. Kuhani akarudi, akanyunyiza maji kila mahali, hasa tulipokuwa tumesimama sisi. Mama mmoja wa kota akamletea Raimuni kitamutamu kwenye jani. "Umepata bahati, dada. Mshukuru mkuu wa usalama."

"Nimshukuru kwa lipi?" Raimuni akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Nimemzika mume wangu kama mwizi anayeficha bati. Kula wewe."

Getini, tukitoka, Pradip alilipekua kapu tupu, akaligeuza juu chini, akapitisha mkono hata chini ya ushungi wa mke wa Mangra. Raimuni alingoja amalize. Kisha akamwambia, "Andika kwenye kitabu chako. Raimuni Purty wa Kudadih amemzika mumewe ndani."

"Mama, hapa tunaandika vinavyotoka. Vilivyobaki si kazi yangu."

"Andika."

"Sogea, mama, unazuia watu."

Kweli alikuwa anazuia. Geti la waendao kwa miguu ni jembamba, king'ora cha saa nane kilikuwa kimelia, na zamu ya asubuhi yote ilikuwa nyuma yetu. Raimuni akaketi chini, katikati ya geti. Wale wa nyuma wakaanza: "Kuna nini huko?" "Mwandikie, bwana, tuna njaa!" "Pradip, kalamu ni ya baba yako?" Pradip akatoka jasho, akaandika. Raimuni akanigeukia.

"Soma."

Alikuwa ameandika: mwanamke mmoja, kapu tupu. Nilitamani nimdanganye, kwa jinsi alivyokuwa amechoka. Nikamsomea kilichokuwepo.

"Futa," akamwambia Pradip. "Andika nilichosema."

Watu wakapiga kelele hadi bati la kibanda likatetemeka, na Pradip akafuta, akaandika upya, nami nikasoma, mara tatu, kwa sauti, maana alitaka wa nyuma nao wasikie. Ndipo akainuka.

Siku nne baadaye tulikuwa sokoni kambini, Pradip akaja kununua vitunguu. Alitusalimia vizuri. Tena bila kuulizwa, kama mtu anayetoa habari ya mvua, akasema ule ukurasa ameuchana, ameagizwa, na kitabu kizima kimebadilishwa.

"Ulichana wewe mwenyewe?" Raimuni akamuuliza.

"Mimi mtu wa amri, mama. Ningefanyaje?"

Raimuni alichukua vitunguu vya Pradip kutoka kwenye mizani, akavirudisha ndani ya gunia, kimoja kimoja, hana haraka. Muuzaji ni Salgi, binti wa hapa hapa kambini.

"Huyu usimuuzie," akamwambia.

"Sawa, mama mkubwa," akasema Salgi, na kufunga mdomo wa gunia.

Pradip alisimama kidogo, akacheka, akadhani ni utani. Akaenda kwa muuza viazi. Muuza viazi naye alikuwa amesikia.